Zefe Anaiva

Wiki iliyopita nilimupeleka mujukuu wangu Makiso, mimi nimekaa nyuma ya toleka, yeye juu ya magoti yangu, na yule kijana wa baiskeli anahema kama amebeba nyumba nzima. Kule waliita watoto wa shule kuwapima. Daktari alikuwa mutoto wa juzi tu, lakini mwenye heshima. Akamupaka mujukuu wangu kitu ya baridi kwenye mukono, inateleza kama dongodongo, ile bamia, kwenye sahani, halafu akapitisha juu yake kile kidude cha mashine ya eko, ile wanawake wenye mimba wanawekewa tumboni. Kwenye televizyo yake ndogo ikatokea mistari.

"Koko, angalia," akaniambia. "Huu mustari mweupe wa juu ni ngozi. Huu wa chini ndiyo mwanzo wa nyama. Hapa katikati, hii ya giza-giza, ni mafuta. Tunapima mafuta ya mutoto."

Mutoto anacheka, eti inamutekenya. Mimi nikatafuta kiti.

"Koko, uko na tension?"

"Tension gani? Damu yangu haipandi. Niko muzima. Fanya kazi yako."

Niliona haya kumwambia. Neno lile, kupima mafuta ya mutoto, nililisikia mara ya kwanza wakati meno yangu ya mbele yalikuwa yanatoka, ng'ambo ya pili ya muto, kwetu Lubunga, na nilipolisikia tena pale kwenye kiti cha plastiki, niliogopa vilevile kama siku ile. Kumbe woga hauzeeki na mutu.

Ninyi wa umri wangu, hasa ninyi wa Lubunga, mutanielewa upesi. Kwetu neno mafuta lilikuwa na maana moja tu. Mafuta ni ile nyekundu ya ngazi, matunda ya muchikichi. Petroli ilikuwa ya wenye motokari, na hatukuwa nao. Papa yangu alipanda michikichi ya watu, anakata mikungu ya ngazi na kuiangusha chini, pu! Mama yangu anachemusha ngazi ndani ya pipa, anatwanga, halafu inapelekwa kwenye presse. Ile presse ilikuwa chuma tupu, iko na parafujo kubwa katikati na muti murefu wa kusukuma, watu wazima wanazunguka nao kama wanacheza ngoma. Chini yake mafuta inachuruzika. Ndani yake inabaki makapi, nyuzi kavu zisizo na kitu, na sisi watoto tunaokota za kuwashia moto. Mama alinifundisha kujua ngazi iliyoiva mbele sijafika shule. Na shule yenyewe, niseme ukweli, sikukaa. Nilifika mwaka wa pili, mwalimu akanituma nyumbani nikamulete mama, nikaenda, Mama akanipa mutoto wa kubeba, na mwalimu mupaka leo ananingoja.

Bon, ngazi inaiva hivi. Kwanza iko nyeusi. Halafu inaanza kuwa nyekundu, kutoka pembeni. Inajaa, inang'aa. Halafu inaachia yenyewe, ukigusa mukungu tu, matunda yanakuja mukononi. Ukitaka kuwa na hakika unaibinya kwa kidole gumba. Ikitoa mafuta, iko tayari kwa presse. Mushike maneno hayo, kwa sababu mimi niliyashika kupita kiasi.

Yule mutoto niliyepewa kubeba alikuwa leki yangu, mudogo wangu Zefe. Mama alikuwa amezaa kitoto kingine, na matiti yakapata mwenyewe mupya. Zefe alikuwa anajua kutembea na kusema maneno kama kumi, mawili katika hayo matusi, alifundishwa na Tonton Batista. Huyu Batista alikuwa ndugu mudogo wa Mama, anamwita Yaya, ni kusema mukubwa wake, ndiye musukumaji mukubwa wa presse, mutu wa mzaha asubuhi mupaka jioni. Hakuwa mubaya. Ninasema hivyo mapema kwa sababu mutamukasirikia.

Siku moja infirmier, muuguzi wa dispensaire yetu, alitangaza mbele ya kanisa kwamba kuna masera, sista mumoja aliyesomea mambo ya watoto, atakuja kupima mafuta ya watoto wote wadogo wa kwetu. Kesho yake tuko kwenye presse, Tonton Batista akasimamisha muti.

"Eeh, watoto! Mumesikia? Mukae tayari. Masera anakuja na koleo yake kupima mafuta yenu."

"Anapima kwa nini, Tonton?" Nikauliza mimi.

"Swali gani hiyo? Mama yako anapima ngazi kwa nini?" Akamunyanyua Zefe juu, akamubinya shavu. "Huyu hapa! Huyu peke yake anatoa bidon mbili za mafuta. Yaya, ngazi ikikosa, usisumbuke, tupa Zefe ndani!"

Mama akacheka. Wamama wote wakacheka, mumoja mupaka akashika tumbo.

"Batista, acha mutoto wangu."

"Bidon mbili na nusu! Angalia hii kichwa, hii kichwa tu ni chupa tatu!"

Zefe naye akacheka, kule juu kwenye mikono ya Tonton, na mate yanamutoka. Mimi niliangalia parafujo. Ilikuwa bado inadondosha, tone moja moja, nyekundu. Nikaangalia shimo la presse, pale tunapomwaga ngazi, na nikaona kwamba Zefe anaenea vizuri kabisa.

Sikumuuliza mutu yeyote tena. Mutauliza mbona sikumwuliza Mama. Mama alikuwa amecheka. Mutoto akiona mama anacheka juu ya kitu ya kutisha, hafikiri kwamba kitu ni mzaha. Anafikiri kwamba mama amekubali.

Alors, nikabaki peke yangu na kazi. Mafuta ya mutoto inatoka wapi? Hilo nililijua, kila mama alilisema kwetu: kula samaki upate mafuta. Wamama wa Wagenia, watu wa kuvua samaki, walikuwa wanavuka na samaki ya moshi, wanabadilisha na mafuta yetu, basi samaki haikukosa kwenye nyumba yetu. Kila siku muchana Mama ananipa sahani ya Zefe: lituma, ile ndizi tunatwanga, na kipande cha samaki juu. Halafu anarudi kwenye pipa lake na kitoto mugongoni. Mimi namupeleka Zefe nyuma ya jikoni. Lituma namupa. Samaki nakula.

Nitasema na jambo ingine, kwa sababu nimezeeka na sina wa kumuficha. Samaki ilikuwa tamu. Nilikula huku ninaogopa, machozi karibu, naangalia kama masera hatokei njiani, na bado ulimi wangu ulikuwa unatafuta nyama kwenye miiba. Nimejiuliza maisha yangu yote, ni woga kiasi gani ulikuwa kwenye ile sahani na ni njaa kiasi gani. Sijui. Vyote vilikula pamoja.

Masera alikawia. Mvua zikaingia, muto ukajaa, infirmier anasema juma lijalo, juma lijalo. Mwezi ukaisha na mwingine ukaisha. Mimi sikuacha. Mbinzo, wale viwavi vinono Papa alikuwa analeta kutoka porini, nikatoa. Maharagwe nikatoa. Zefe alibaki na lituma, na fufu, na maji ya juu-juu ya pondu, yale majani ya muhogo.

Na Zefe akaanza kunenepa.

Mashavu yakajaa. Miguu ikajaa, vidole vikawa kama mutu amevipuliza. Ngozi ya juu ya muguu ikaanza kung'aa, unaweza kusema amepakwa. Wamama wakipita wanamusifu: "Mama Zefe, huyu unamulisha nini? Ona vile amenona!" Mama anafurahi, anajibu, "Sijui, ni Mungu tu." Mimi nasimama pale na mutoto mugongoni, jasho linanitoka. Ninamunyima na anajaa! Nikafikiri bado ninamupa mingi. Nikapunguza tena.

Halafu siku moja Mama aliniambia nimuchane kichwa. Nikamuweka Zefe katikati ya magoti yangu, kwenye jua, na nikaona nywele zake. Zilikuwa nyeusi, ninyi munajua nywele za watoto wetu. Sasa pembeni, karibu na masikio, zimekuwa nyekundu.

Nilimwita Yesu mara tatu, kimya-kimya. Nikapitisha kitana. Nywele zikaja nazo. Hakulia, hakutikisika, zilikuja tu, kishada kizima, zenyewe.

Anaiva. Neno hilo tu ndilo lilikuwa kichwani mwangu. Zefe anaiva. Amejaa, anang'aa, amekuwa mwekundu kutoka pembeni, na sasa anaachia. Ilibaki jambo moja, kumubinya kwa kidole gumba, na hilo sikuthubutu. Nilificha zile nywele ndani ya moto, na kutoka hapo nikamufunga kitambaa kichwani, nikamwambia Mama kwamba ni juu ya jua. Zefe alikuwa hachezi tena. Anakaa tu pale unapomuweka. Ukimugusa analia kilio kidogo, cha kukasirika, kama muzee anaamushwa. Yale maneno yake kumi aliyaacha yote, hata matusi.

Hapo masera akafika.

Ilikuwa asubuhi ya jua kali, dispensaire imejaa watoto na kelele. Wakati ule hakuna eko, hakuna televizyo, walikuwa wanabinya. Masera alikuwa mwembamba, na miwani, na mukononi iko na ile koleo. Tonton hakudanganya juu ya koleo! Ilikuwa ya chuma, na mugongoni mwake kuna saa ndogo, mushale wake unatembea. Anamushika mutoto nyuma ya mukono, anavuta ngozi, anaifunga kwenye koleo, anasoma saa, anataja namba kwa kifaransa. Infirmier anaandika. Watoto wanalia, wamama wanawacheka: "Nyamaza, hata kuku halii hivyo!" Tonton Batista alikuwa amesimama mulangoni, anasema "bidon moja! nusu chupa! huyu hakuna kitu, turudishie mama yake!", na watu wanafurahi.

Nilipimwa mimi. Ilinibana, nikasikia namba, nikaona kwamba wananiachia. Halafu Mama akamutia Zefe mbele ya masera, na akamutoa kitambaa.

Masera alivuta ngozi ya nyuma ya mukono. Akaangalia saa. Akaachia, akavuta tena, akaangalia tena. Hakutaja namba. Akatoa miwani, akamwita infirmier kwa sauti ya chini. Infirmier akapiga magoti, akashika muguu wa Zefe, na akaweka kidole gumba juu yake. Akabinya.

Nilifunga macho. Nilikuwa nangoja kusikia inachuruzika.

Nilipofungua, hakuna mafuta. Kidole kilikuwa kimetoka, na mahali pake pamebaki shimo, shimo la kidole, linakaa tu pale kama kwenye fufu iliyopoa.

"Nani analisha mutoto huyu?" Infirmier akauliza.

"Yaya yake," Mama akasema, na akanionyesha kwa midomo.

Infirmier akanigeukia. "Wewe. Anakula samaki?"

Ninyi, Mungu alinifungulia mulango! Niliona hivyo. Miezi yote nilikuwa nangoja mutu aniulize, na sasa mwenye daftari mwenyewe ananiuliza. Nikajaza kifua na nikasema kwa nguvu, mupaka na wale wa nje wasikie:

"Hapana! Hakuna hata siku moja! Samaki yake yote mimi nakula. Na mbinzo yake, na maharagwe. Huyu hana mafuta, hana hata tone!"

Dispensaire nzima ikanigeukia. Hata watoto. Tonton Batista pale mulangoni, mudomo wazi, mzaha umemukwama. Infirmier akamutafsiria masera, na masera akanitazama, na sikuona hasira, niliona kitu ingine nisiyoijua.

"Unasema nini?" Mama akauliza, polepole.

"Samaki ya Zefe, mimi nakula."

Mwanamke mumoja nyuma akapiga makofi ya mushangao. "Mulafi! Anakula chakula ya leki yake! Muangalie tumbo lake!" Na jina lile lilinishika pale pale, Mulafi, na lilikaa na mimi mupaka nilipoolewa.

Mama hakunipiga. Alimubeba Zefe, akamuweka upande ingine wa mwili wake, mbali na mimi. Hiyo ilikuwa zaidi ya kipigo.

"Mama," infirmier akasema, "huyu hajanona. Hii ni ugonjwa, wanaita kwashi. Tunavuka naye leo, sasa hivi, hospitali."

"Nimesema hana mafuta!" Nikapiga kelele. "Mumepima! Hana!"

"Ndiyo maana tunamubeba," infirmier akanijibu. "Kwa sababu hana."

Sijasikia maneno ya kunitisha kama hayo, hata wakati wa vita. Mwenye mafuta anabebwa, asiye na mafuta anabebwa. Basi mutoto apitie wapi?

Waliingia kwenye pirogi ya motere, ule mutumbwi wa mashine, Mama na kitoto na Zefe na masera. Nilikuwa libongo, pale mitumbwi inafika, miguu kwenye maji, na Mama hakunitazama. Papa alikuwa amesimama nyuma yangu. Motere ikalia, na wakawa wadogo, wadogo, mupaka ng'ambo ikawameza.

Siku zile sizijui hesabu yake. Watoto wa kwetu walinitungia wimbo, Mulafi, Mulafi, rudisha samaki.  Papa alikuwa akipika mwenyewe, vibaya, na ananiwekea kipande kikubwa cha samaki mbele yangu.

"Kula."

"Sitaki, Papa."

"Ulikuwa unataka. Kula."

Nikiweka mudomoni inakuwa kama makapi. Kule kwenye presse wanasukuma, na Tonton Batista anasukuma kimya. Nilikuwa naangalia mafuta inayotoka, naangalia sana, eti nitajuaje kama wamechanganya.

Walirudi muchana, na pirogi ya kawaida. Nilikimbia libongo. Mama akateremuka, akamuweka Zefe chini, kwenye muchanga, asimame. Na nilichokiona ni mifupa. Mashavu hakuna. Miguu ile iliyojaa imekuwa vijiti viwili, ngozi inaning'inia. Kichwa kikubwa juu ya shingo ya kuku. Nikasikia sauti inalia, kumbe ni mimi. Nikakimbia mupaka nyuma ya mapipa ya Mama, nikajificha.

Mama akanifuata. Akasimama juu yangu.

"Toka hapo."

"Mama, wamemukamua."

"Wamefanya nini?"

"Wametoa mafuta yake. Amebaki makapi. Tonton alisema. Bidon mbili alisema, na wewe ulicheka."

Mama akakaa chini, palepale kwenye udongo wenye mafuta, na nguo yake nzuri ya hospitali. 

"Samaki," akasema. "Ulikuwa unakula juu ya hiyo?"

"Asipate mafuta. Wasimubebe."

Akashika kichwa changu, akakibana kwenye tumbo lake mupaka nikakosa hewa. Halafu akasimama na akaita, "Batista!" na nafikiri hata ng'ambo walisikia. Tonton akakuja mbio. Mama akachukua mwiko ule murefu wa kukoroga pipa na akamupiga, mutu muzima mwenye ndevu, kwenye mugongo, kwenye mikono, mbele ya watu.

"Nilikuwa nacheka tu, Yaya! Nilikuwa nacheka!"

"Mutoto aliamini! Ulicheka, na mutoto akaamini!"

Hakuinua mukono. Alipigwa mupaka Mama akachoka, halafu akaokota mwiko ulioanguka na akamurudishia.

Mama alinieleza, kweli alinieleza. Akasema ule uvimbe ulikuwa maji, maji matupu, na hospitali yameisha. Akasema walimubeba kwa sababu samaki ilimukosa. Lakini mimi ni mutoto wa presse, nilijua kwamba kwenye pipa mafuta inalala juu ya maji, kama maji yapo basi na mafuta ipo. Na infirmier alikuwa amesema masera atarudi na koleo yake, kumupima Zefe tena. Nilitikisa kichwa kwa Mama kama nimeelewa. Sikuelewa. Niliogopa vilevile.

Kesho yake muchana Mama akatoa sahani. Lituma, na juu yake samaki, kipande kizima. Wamama wa presse walikuwepo, na yule aliyeniita Mulafi, na Tonton na mikono yake iliyovimba. Mama akaniwekea sahani mukononi.

"Mulishe."

"Mama Zefe," yule mwanamke akasema, "unamupa huyu tena? Mulafi?"

"Namupa yaya yake," Mama akajibu, na akarudi kwenye pipa. Hakugeuka kunichunga.

Nikamuweka Zefe kwenye magoti. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Nikaangalia muto: hakuna motere. Nikaangalia njia ya dispensaire: hakuna mutu. Nikavunja samaki, nikatoa miiba yote, mumoja mumoja, kwa sababu kichwani mwangu kila kipande kilikuwa kinamuivisha kwa ajili ya wale watakaorudi. Nikaweka kwenye mudomo wake. Akatafuna na macho amefunga. Akameza. Akafungua macho, akanitazama, na neno la kwanza likatoka, baada ya muda wote ule.

"Ingine," akasema.

Nikaangalia muto tena, na nikamupa ingine.